Ripoti ya Mtoto na Wajibu Wetu Sisi Wazazi

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, nayo yachapishwa hapa kwa faida ya wale wasiohudhuria.)



Tumetakiwa kusema maneno machache juu ya jambo ambalo huingia katika nyumba zetu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, shule zifungapo. Jambo lenyewe ni karatasi ile iitwayo ripoti, yaani taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi wa shule ya sekondari. Huenda mtu akadhani ya kuwa karatasi hiyo haina neno la kujadiliwa mkutanoni, maana kila mmoja wetu amepata kuishika na kuitia sahihi. Walakini kuitia sahihi si kuisoma, na kuisoma si kuifahamu. Ndiyo sababu tumeona yafaa tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Sisi watumishi wa serikali, na hasa sisi makarani, kazi yetu ni barua. Twajua barua ikifika masijala hupigwa muhuri, hutiwa nambari, huwekwa katika faili lake, kisha hupelekwa kwa afisa apasaye kuijibu. Barua ikikaa siku nyingi bila majibu, twaulizwa sababu. Basi ripoti ya mtoto ni barua pia. Waandikaji ni walimu, mpelekaji ni mkuu wa shule, na aandikiwaye ni mzazi. Lakini tutafute katika nyumba zetu: ni wangapi waliopata kuijibu? Wengi hutazama mstari mmoja tu, ule wa nafasi darasani, wakacheka au wakanuna, kisha karatasi ikawekwa chini ya godoro pamoja na risiti za umeme. Ofisi iendeshwayo namna hiyo ingefungwa upesi.

Kwanza na tufahamu jinsi ya kuisoma. Katika ripoti mna mambo matatu yanayofanana machoni lakini hayafanani kwa maana: alama, herufi, na nafasi.

Alama ni hesabu ya kile alichokijibu mtoto, katika mia. Herufi ni kapu la kutilia alama hizo. Katika mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, Baraza la Mitihani la Tanzania hutumia makapu matano: A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 29 kushuka chini. Shule nyingi hufuata mizani hiyo hiyo katika ripoti zao. Sasa tazameni makapu hayo, ndugu zetu, mtaona ya kuwa hayalingani kwa ukubwa. Kapu la B lina alama 10 tu, bali kapu la C lina alama 20. Mtoto aliyepata 64 mwezi wa Juni akapata 45 mwezi wa Desemba ameporomoka kwa alama 19, na bado karatasi yake imeandikwa C mara zote mbili. Mzazi asomaye herufi peke yake husema, "Mtoto wetu hajambo, yuko pale pale." Kumbe hayuko pale pale; amefika ukingoni, na hatua moja zaidi atatumbukia katika D.

Na tuchukue mfano mwingine, maana huu ndio wenye uzito. Matokeo ya Kidato cha Nne hupangwa kwa madaraja kwa kuhesabu masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5. Kadiri pointi zilivyo chache ndivyo matokeo yalivyo mema. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 hadi 35 ni sifuri. Haya, wawekeni vijana wawili mbele yenu. Wote wawili wana C katika masomo saba, basi kila mmoja ana pointi 21, daraja la pili. Lakini wa kwanza amepata 63 katika kila somo, na wa pili amepata 46 katika kila somo. Mkimwongezea wa kwanza alama 2 kwa kila somo atapata B saba, yaani pointi 14, naye ameingia daraja la kwanza. Mkimpunguzia wa pili alama 2 kwa kila somo atapata D saba, yaani pointi 28, naye ameangukia daraja la nne. Vijana hawa wana herufi zile zile na daraja lile lile, lakini mmoja anabisha hodi mlangoni mwa juu, na mwenzake amesimama juu ya shimo. Mzazi atawatambuaje asiposoma alama zenyewe?

Jambo la tatu ni nafasi, nayo ndiyo itupendezayo kuliko yote, na ndiyo ipotezayo watu wengi. Nafasi haisemi mtoto anajua nini. Yasema ni wangapi wako mbele yake. Mtoto aweza kupata wastani wa 52 akawa wa 40, kisha muhula wa pili akapata 57 akawa wa 46, kwa sababu wenzake wamekwenda mbio zaidi. Huyu amepanda kwa alama 5, naye hupokewa nyumbani kwa maneno makali. Mwingine aweza kushuka kutoka 61 hadi 54, na nafasi yake ikapanda kutoka 9 hadi 7, kwa kuwa darasa zima limeshuka pamoja naye. Huyu huchinjiwa kuku. Hatusemi nafasi haina maana kabisa, maana mtihani ukiwa mgumu hushusha alama za wote, na hapo nafasi husaidia kutuonyesha kosa si la mtoto. Bali twasema isisomwe peke yake. Hata Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotangaza mwezi wa Januari 2023 matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora. Ikiwa wenye mizani wenyewe wamepunguza mashindano ya nafasi, sisi tuna sababu gani ya kuyakuza sebuleni?

Tena hesabu hizi hazikai daima kwa namna moja. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2014 yalitolewa kwa mtindo wa wastani wa pointi, na mwaka 2016 Serikali ikarudisha mtindo wa madaraja. Mzazi mwenye watoto wawili waliofuatana alipokea maneno mawili tofauti kwa jambo lile lile. Basi kila mwaka na tuulize shuleni: mizani ni ipi sasa?

Baada ya masomo, ripoti ina sehemu ya tabia na mwenendo: bidii ya kazi, usafi, heshima, utunzaji wa mali, na kadhalika, na mara nyingi pana hesabu ya siku ambazo mtoto hakuhudhuria. Sehemu hii huachwa kana kwamba ni pambo. Lakini nchi yetu ilikwisha kuona zamani ya kuwa mtihani peke yake haumpimi mtu. Azimio la Musoma la mwezi wa Novemba 1974 lililaumu jinsi mtihani wa mwisho ulivyotukuzwa kupita kiasi, na baada yake kazi za mwanafunzi za siku zote zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani huo. Mzazi mwenye akili na aanzie sehemu hii. Akiona mtoto alikosa siku 14 katika muhula mmoja, naye kila asubuhi alimwona akitoka na mkoba, amekwisha kujua swali la kwanza la kuuliza. Au akikumbuka ya kuwa siku hizo ndizo alizombakiza binti nyumbani amwuguze bibi na kulea wadogo zake, basi jawabu la alama zile halimo kichwani mwa binti, limo nyumbani.

Kisha huja maoni ya mwalimu wa darasa na ya mkuu wa shule. Hapa twasema kwa heshima, maana walimu ni watumishi wenzetu, na twajua mzigo wao. Mwalimu mwenye mikondo mitatu na mamia ya karatasi za kusahihisha katika juma la mwisho hana wakati wa kutunga sentensi nzuri kwa kila mtoto. Hata hivyo neno moja lenye maana ya "ajitahidi," lililoandikwa kwa watoto wote kuanzia wa 20 hadi wa mwisho, halimsaidii mzazi. Ajitahidi wapi? Kwa namna gani? Heri mwalimu aandike kwa watoto wachache wenye hatari maneno sita ya kweli, kama vile "hafanyi mazoezi ya hisabati ya nyumbani," kuliko kuwaandikia wote neno moja lisilo na mahali pa kushika.

Liko tena jambo la lugha. Katika shule zetu za sekondari masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza pia. Sisi makarani twaweza kuisoma. Lakini ni nani alindaye mtoto nyumbani wakati sisi tumehamishiwa wilaya nyingine? Ni mama yake, au nyanya, au mjomba aliyesoma kwa Kiswahili tu. Hao hupewa karatasi wasiyoifahamu, na mfasiri wao ni mtoto mwenyewe. Na mtoto ajuaye ya kuwa ameshindwa hufasiri vizuri sana! Kumfanya mshtakiwa kuwa mkalimani katika kesi yake mwenyewe si haki kwa wazee, wala si haki kwa mtoto, maana huingizwa katika jaribu ambalo hata mtu mzima lingemshinda. Kiswahili hakikosi maneno ya kusema "amepungua katika kemia" au "ameongeza bidii." Basi na iandikwe ripoti kwa lugha ambayo mwenye kuipokea anaisoma.

Sasa tutazame njia ya kuipeleka. Zamani ripoti ilifungwa katika bahasha ikapelekwa kwa posta, au mtoto akaichukua mkononi siku ya kufunga. Siku hizi shule nyingine hutuma matokeo kwa ujumbe wa simu, na nyingine hubandika orodha ya darasa zima katika kundi la wazazi la WhatsApp. Upesi wa simu twausifu, maana mzazi aliye Kigoma aweza kupata habari ya mtoto aliye Tanga siku ile ile. Lakini kubandika alama za watoto wote mbele ya wazazi wote, hilo hatulisifu. Sisi tuliofundishwa masijala kwamba faili la mtu halisomwi na mpita njia, twajua ubaya wake. Mtoto aliye wa mwisho huonwa na mtaa mzima kabla mzazi wake hajasema naye neno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imetukumbusha sote ya kuwa habari za mtu zina mwenyewe. Alama za mtoto na ziende kwa mzazi wake, basi.

Pia pana shule ambazo hushika ripoti mpaka mzazi amalize deni la mchango fulani. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima katika shule za serikali hadi Kidato cha Nne, kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ada ikaondolewa kwa Kidato cha Tano na cha Sita. Palipo na deni la haki, na lidaiwe kwa njia ya madeni. Lakini habari ya mtoto isiwekwe rehani. Mzazi asiye na fedha ndiye hasa ahitajiye kujua mapema, kwa kuwa hana fedha za kununua masomo ya ziada dakika ya mwisho.

Ndugu wanachama, na tulinganishe jambo hili na hali yetu wenyewe. Wazee waliomo humu wanakumbuka taarifa ya siri. Kila mwaka mkubwa wa kazi aliandika habari za mtumishi, ikafungwa, ikapelekwa juu, naye mtumishi hakuiona. Mtu aliweza kukosa kupandishwa cheo miaka mitano asijue ameandikwa nini. Tulinung'unika, na haki ilikuwa kwetu. Mwaka 2004 ukaja mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi, ule tuliouita OPRAS, ambao ulitaka mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka, wakutane katikati ya mwaka kuyatazama, kisha wote wawili watie sahihi mwishoni. Katika mwaka wa fedha 2023/24 mfumo wa PEPMIS ukachukua nafasi yake. Mifumo hiyo ina kasoro zake, na tumezisema hapa mara nyingi. Lakini shina lake ni jema: apimwaye ajue anapimwa kwa lipi, asikie habari yake mapema ili apate wakati wa kujirekebisha, naye pia apewe nafasi ya kusema. Hayo tuliyoyataka kwa ajili yetu, tutawezaje kuwanyima watoto wetu?

Maana ripoti ikifika Desemba, mwaka umekwisha. Ikiwa mtoto alianza kuteleza mwezi wa Machi, amepoteza miezi tisa. Na kwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne jambo hili si la karatasi tu, kwa kuwa alama za upimaji wa shuleni nazo huingizwa katika matokeo yake ya taifa. Muhula uliopotea haurudi.

Basi twapendekeza mambo yafuatayo, mkutano uyapime.

Kwa upande wetu wazazi: kwanza, kila mmoja anunue faili moja kwa kila mtoto, aweke humo ripoti zote tangu Kidato cha Kwanza, na kila inapokuja mpya aiweke kando ya ile iliyotangulia na kulinganisha alama, somo kwa somo. Pili, siku ripoti ifikapo isiwe siku ya fimbo. Mtoto apigwaye kwa ajili ya ripoti hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuificha ripoti. Aketishwe, aulizwe maswali matatu: Ni somo gani lililokupendeza, na kwa nini? Ni lipi lililokushinda, na lilianza kukushinda lini? Wataka tukusaidie nini? Kisha asikilizwe mpaka mwisho. Tatu, ripoti ijibiwe. Mistari mitano yatosha: tumeipokea, tumeona hili, nyumbani pana jambo hili, twaomba mwalimu atuambie hivi. Mwalimu apataye barua kama hiyo hatamsahau mtoto yule.

Kwa upande wa shule, kwa njia ya bodi zao na vikao vya wazazi, tuombe mambo manne. Alama ziandikwe pamoja na herufi. Kando ya alama ya mtoto uandikwe wastani wa darasa katika somo hilo, ili tujue kama aliyeshuka ni mtoto au ni darasa. Habari fupi itumwe katikati ya muhula kwa wazazi wa watoto walioanza kushuka, wala isingojewe siku ya kufunga. Na maoni yaandikwe kwa Kiswahili.

Kwa upande wa chama chetu, twaomba kila tawi liweke jioni mbili kwa mwaka, moja ya Juni na moja ya Desemba, ambapo wanachama wawili au watatu watakaa katika jumba la mkutano kuwasomea na kuwafafanulia ripoti majirani wasiojua Kiingereza: wapishi, matarishi, madereva, wakulima, wajane. Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji miwani, kalamu, na kinywa kinachojua kutunza siri. Tumepewa elimu kwa jasho la watu hawa. Nasi na tuwarudishie kwa saa mbili za jioni.

Huenda mtu akasema, "Haya ni mambo ya walimu, sisi yatuhusu nini?" Twamjibu ya kuwa wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wala hawakusema mwalimu amleavyo. Shule hutuletea habari. Kulea ni kwetu. Na mtoto anayeteleza hapigi kelele. Huteleza polepole, alama mbili muhula huu, alama nne muhula ujao, huku herufi ikimfunika. Atakayemwona ni yule tu aliyeshika karatasi mbili mkononi, akazilinganisha chini ya taa.

 Yaliyopungua katika maneno yetu, wenzetu watayajaza katika mjadala.